Mzinga Usio na Nyuki

Mzinga ule ulianza kuvuma kabla haujaingiwa na nyuki hata mmoja. Selestina alikuwa kibarazani kwake, kule kijijini Daa, akichambua maharage mchana kweupe, alipousikia: mvumo mwembamba, wa chini, kama wa mtu anayebembeleza mtoto huku amefumba mdomo. Akainuka, akachungulia kwenye tundu. Mle ndani mlikuwa na giza na harufu ya nta, basi.

Mumewe, Adrian, ndiye aliyeuchonga, kutoka kwenye mti ulioanguka pale chemchemini. Watu wa Daa hawaokoti hata kuni kwenye chemchemi ile, lakini Adrian naye, ukimwambia kitu ni mwiko, ni kama umemtuma. "Mti umeanguka wenyewe, nimemkosea nani?" Akaufukiza mzinga kwa nta, kama warina asali wote wafanyavyo, kisha akafuata desturi ya ukoo wake: mtoto mdogo wa nyumba huweka mdomo kwenye tundu la mzinga mpya na kuvuma, ili nyuki wajue wamekaribishwa. Lusia, binti yao wa pekee, mwenye miaka minne na mdomo usiopumzika, alivuma mpaka mashavu yakamjaa. Baba yake akacheka. Selestina naye alicheka, Mungu amsamehe.

Tangu hapo maneno yakaanza kumtoka Lusia moja moja, na mama yake akiyaona yakienda. Kwanza likapotea "uji". Mtoto aliinua kikombe na kuvuma. Halafu likapotea jina la mbuzi wake, Kisura. Halafu akaacha kuita baba. Na kadiri mtoto alivyopungukiwa, ndivyo mzinga ulivyozidi kunguruma pale ulipolazwa ukutani, nje ya chumba chake.

"Baba Lusia, mtoto anatuponyoka," Selestina alinong'ona.

"Mafua hayo. Mpeleke zahanati."

Alimpeleka. Daktari akamtazama koo na masikio, akasema mtoto ni mzima. Walirudi kwa miguu, ukungu wa Ngorongoro umeshuka hadi mashambani, Lusia mgongoni akivuma njia nzima, si wimbo, si kilio, ni mvumo ule ule mmoja usiokatwa na pumzi, ukampenya Selestina kwenye mbavu na kupanda hadi kwenye meno, mpaka akatamani kumtua mwanawe chini na kukimbia, akajichukia kwa kutamani hivyo, akamfunga kitenge zaidi na kukaza mwendo, asijue anamkimbiza nani au anamkimbia nani.

Hakufika nyumbani. Aliingia kwa jirani yake, bibi Bernadina, akamweleza yote. Bibi alisikiliza bila kumgusa mtoto.

"Mimi sina dawa, mwanangu," alisema polepole. "Najua nilichosikia kwa mama yangu tu. Chemchemi ile ina mwenyewe. Mmechukua nyumba yake mkaileta kwenu, halafu mkamtuma mtoto akaribishe. Jini litajuaje kama mlikuwa mnaita nyuki?"

"Basi Lusia yuko wapi, bibi?"

"Yuko mle. Wamebadilishana. Urudisheni mzinga kwenye maji, mzima kama ulivyo. Msiutie panga, msiutie moto. Nenda, mama, usikae."

Selestina alikimbia, mtoto bado mgongoni. Harufu ilimpokea kabla hajaiona nyumba: nta na mafuta ya taa. Adrian alikuwa amesimama uani, kibiriti mkononi, uso umemsawijika, na mbele yake mzinga ulikuwa unawaka.

"Umeniita," alisema. "Mama Lusia, huo mzinga umeniita baba. Kwa sauti yake. Ningefanya nini?"

"Uzime! Adrian, uzime!"

Ndani ya moto sauti ndogo ilikuwa ikisema uji, ikisema Kisura, ikisema baba, baba, maneno yote yaliyopotea yakitoka kwa haraka, yakisukumana. Adrian akautupia ndoo ya maji. Miali ikapanda juu zaidi. Selestina akaingiza mikono, ngozi ikamwambatika kwenye gogo, mumewe akamvuta nyuma kwa nguvu, naye akapiga teke, akauma, akamlilia kila mtakatifu aliyemjua. Sauti ikasema "mama", mara moja, kwa mshangao. Kisha gogo likapasuka.

Mgongoni kwake, mvumo ulikoma.

Alifungua kitenge kwa vidole vilivyobabuka. Mtoto aliteremka, akasimama wima, akamtazama yeye na Adrian kwa zamu, akitabasamu kwa adabu. Hakuwa ameungua popote. Adrian alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

Jioni Selestina alikoroga uji kwa mikono iliyofungwa vitambaa, akaupooza, akamlisha kijiko kwa kijiko. Angefanya nini? Kitu kile kilikuwa na njaa, na uso kiliokuwa nao ulikuwa wa mwanawe.