Kila Asubuhi Wifi Alibonyeza

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, simu ilitikisika juu ya meza ya cherehani. Bi Vipimo aliondoa mguu kwenye kikanyagio, akaisoma. Tangu jana, watu thelathini na wanane walikuwa wamebonyeza tangazo la kitabu chake mtandaoni. Waliokinunua: hakuna.

Majirani walimwita Bi Vipimo kwa sababu hakukata kitambaa kabla ya kumpima mtu mara mbili. Miaka miwili iliyopita, mumewe, seremala, alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia ukapooza. Kumvisha shati kukawa vita. Bi Vipimo aliyafumua mashati yake yote, akayashona upya yafunguke ubavuni. Kisha akaandika kitabu chembamba chenye michoro, cha kufundisha namna ya kumshonea nguo mtu asiyeweza kuinua mkono. Alikichapisha kwa fedha zake mwenyewe, nakala mia mbili. Mia na themanini na tatu zilikuwa bado chini ya kitanda.

Fedha za tangazo alizitoa kwenye mazoezi ya mumewe. Mtaalamu wa viungo alikuwa akimnyoosha mkono mara mbili kwa wiki, kwa malipo. Bi Vipimo aliyasimamisha mazoezi hayo.

"Mwezi mmoja tu," alimwambia mumewe. "Kitabu kikianza kuuzika, utakwenda mara tatu kwa wiki."

"Sawa," mume alijibu. Tangu augue, maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

Hii ilikuwa wiki ya tatu.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, muuza viatu.

"Mwandishi wetu, umeamkaje?"

"Nimeamka, wifi. Mengine tutaona."

"Leo nimekubonyezea mara saba. Na kundi zima la familia nimeliamrisha. Asiyebonyeza, kwangu asije kula."

"Mnabonyeza nini?"

"Tangazo lako, nini tena? Likibonyezwa sana linapanda juu, dunia yote inaliona. Mimi ndiye afisa wako wa habari. Bado mshahara tu."

Bi Vipimo alicheka kidogo. Wifi aliingia chumbani kumjulia hali kaka yake. Alipotoka, uso wake ulikuwa mwingine.

"Vidole vya kaka vimejikunja."

"Nimeviona."

Bi Vipimo alirudisha mguu kwenye kikanyagio.

Saa nne, Bi Vipimo alikwenda kwa mpiga chapa aliyemchapia kitabu. Alimkuta akisawazisha karatasi kwenye mashine ya kukatia.

"Tangazo linakwisha wiki ijayo," alisema. "Nataka kuongeza siku. Nionyeshe pa kulipia."

"Nionyeshe kwanza ripoti yake, mama."

Mpiga chapa alifuta wino mikononi, akashika simu. Alisoma bila haraka.

"Limebonyezwa mara mia nane na kumi. Umeuza vingapi kupitia hapa?"

"Vitatu."

"Unajua kwamba unalipia kila anayebonyeza?"

"Najua ninalipia tangazo."

"Kwa mpango uliouchagua, unalipia kila kidole kinachogusa. Anunue, asinunue." Alisogeza ukurasa. "Na hawa ni akina nani? Karibu nusu wako mji huu huu. Wanabonyeza kila siku, saa moja hadi saa mbili asubuhi, kama wanakwenda kazini."

Bi Vipimo alikaa kwenye kigoda.

"Ni ndugu zangu," alisema. "Wananiunga mkono."

"Mtambo wa matangazo huchuja baadhi ya wanaorudia, si wote. Simu kumi zikibonyeza, mtambo unaona wateja kumi wenye hamu. Kisha unakutafutia wengine wanaofanana nao."

"Wanaofanana na wifi yangu."

"Ndiyo. Wapenda kubonyeza."

"Basi wamenimaliza."

"Hata bila wao, hesabu ingekataa. Waondoe wote. Wanabaki watu mia nne na kitu, na walionunua ni watatu. Umelipia vidole zaidi ya mia kupata mnunuzi mmoja. Faida ya kitabu kimoja inalipia vidole vingapi?"

Alifikiri. "Kumi."

"Kila unapouza, unapoteza."

"Kwa hiyo matangazo ya kulipia ni utapeli?"

"Hapana. Yanawafaa wengine. Mwandishi mwenye vitabu sita, mnunuzi wa cha kwanza hurudi kwa cha pili. Wewe unacho kimoja, tena cha bei ndogo. Na hata huyo wa vitabu sita huanza kwa siku chache, kwa fedha ambayo ikipotea nyumba haitetereki. Anapima. Hesabu ikikataa, anaacha. Wewe ulikata kabla ya kupima."

Bi Vipimo aliipokea simu yake.

"Nani anakihitaji kitabu hiki?" mpiga chapa aliuliza.

"Mwenye mgonjwa kama wangu."

"Anapatikana wapi?"

Aliliona akilini mara moja benchi la nje ya chumba cha mazoezi ya mumewe. Wanawake huketi pale wameshika fimbo za waume zao. Alikuwa ameketi nao miezi tisa. Hakuwahi kumwonyesha hata mmoja kitabu.

Mpiga chapa alimwonyesha mahali pa kusimamisha tangazo. Alilisimamisha hapo hapo. Kilichokwisha kulipwa hakikurudi.

Jioni alimwita wifi yake.

"Usibonyeze tena."

"Kwani nimekosa nini?"

Bi Vipimo alimweleza yote. Wifi alisikiliza huku akiutazama mlango wa chumba cha kaka yake.

"Mara saba kila siku," alisema.

"Ndiyo."

"Nilidhani namsaidia kaka."

"Najua, wifi."

Wifi aliingia chumbani, akaketi kitandani. Akaanza kumnyoosha kaka yake vidole, kimoja kimoja, bila kujua inavyofanywa.

"Taratibu," seremala alisema. "Unaniumiza."

Wiki iliyofuata, Bi Vipimo alikwenda kwenye chumba cha mazoezi na nakala kumi na shati moja. Mtaalamu alimruhusu nusu saa. Aliwaonyesha wale wanawake namna ya kumvisha mtu bila kumwinua mkono. Siku hiyo aliuza nakala nne. Wiki moja baadaye, jumla ilikuwa kumi na tisa, bila tangazo. Fedha hizo zilitosha zoezi moja kwa wiki, si mawili.

Jumanne, saa tatu asubuhi, mtaalamu alimketisha seremala na kumpima mkono. Kabla ya kusimamisha mazoezi, ulikuwa ukifika usawa wa bega. Sasa ulikomea chini ya kifua.

"Tumerudi nyuma," alisema.

"Utafika tena pale?" Bi Vipimo aliuliza.

"Sijui, mama. Tunaanza."

Aliandika kipimo na tarehe kwenye kadi. Kisha akaushika mkono, akaanza kuunyoosha kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano.