Chuma Kilichopungua Sentimita Nne

"Nne, unasikia?"

"Nasikia."

"Alizeti imetoka ghalani. Izuie kabla haijafika lami."

Hajira, askari kanzu aliyeitwa Nne kazini, alikata simu, akaivutia mafuta pikipiki yake, Boxer.

Fuso lilikuwa mbele, limejaa magunia ya alizeti, likitimua vumbi la barabara ya Iguguno. Chini ya magunia kulikuwa na chumba cha siri cha chuma, na ndani yake baruti ya kulipulia daraja.

Na mtu.

Leonard, fundi wa kuchomelea. Alitengeneza komeo la chumba kile akiambiwa ni kifaa cha mashine ya kukamua. Asubuhi ile wenye mzigo wakamwambia aingie akague kazi yake. Wakafunga.

Hajira akapiga risasi mbili. Tairi la nyuma likapasuka, Fuso likasimama ukingoni mwa mtaro. Dereva, mgeni aliyejiita Gerald, akashuka mikono juu. Pingu zikalia.

"Fungua."

"Vuta wenzo mwenyewe, dada."

Hajira akavuta mpaka mwisho. Komeo likasogea kidogo, likagoma.

Ndani, mtu aligonga mara tatu.

"Tangu asubuhi linanigomea hata mimi," Gerald alisema. Alikuwa anacheka, lakini jasho lilimtiririka shingoni. "Kata kwa moto kama una haraka."

Moto, juu ya baruti. Hajira alizima simu, isije ikaiwasha baruti. Chumba kile hakikuwa na hata tundu la hewa.

Mwanamke mmoja alikuja mbio kutoka upande wa karakana ya Leonard, kanga mkononi, kiatu kimoja hana. Mama Winfrida, mama yake Leonard.

"Shikamoo mama. Rudi nyuma, hapa si salama."

"Marahaba. Mwanangu yumo humo, nirudi wapi?"

"Basi niletee futi yake ya kupimia na skwea ya nyuzi."

Alivileta akihema. Hajira akalala chalichali chini ya gari. Komeo lilikuwa mkono wa chuma wa sentimita thelathini, unaozunguka kwenye pini. Kutoka pini hiyo mpaka pale wenzo unapokomea, arobaini. Alama ya patasi ilionyesha mkono unapaswa kufika wapi ndipo mlango uachie. Akaweka skwea penye pini, kati ya alama hiyo na mstari wa kwenda kwenye wenzo. Nyuzi sitini kamili.

Kilichobaki ni kipande cha chuma kati ya wenzo na ncha ya mkono, kinachousukuma mkono. Urefu wake?

Sauti ya kugonga ikasikika. Mara mbili sasa.

Akaandika kwa kidole kwenye vumbi. Arobaini kwa arobaini, elfu moja mia sita. Thelathini kwa thelathini, mia tisa. Jumla elfu mbili mia tano. Toa mara mbili ya arobaini kwa thelathini kwa kosaini ya sitini, na kosaini ya sitini ni nusu: elfu moja mia mbili. Imebaki elfu moja mia tatu. Thelathini na sita kwa thelathini na sita ni elfu moja mia mbili tisini na sita, karibu kabisa.

Thelathini na sita.

Akapima kipande. Thelathini na sita.

Hesabu sawa, chuma sawa, mlango haufunguki.

"Mama, nimekwama."

"Umepima wapi na wapi?"

"Ncha kwa ncha."

"Ndivyo apimavyo yeye. Geti la zizi langu amelikata hivyo hivyo, halifiki kwenye nguzo mpaka leo. Namwambia pima tundu kwa tundu, anasema mama hujui chuma."

Hajira akapima tundu kwa tundu, pale boliti zinapoingia. Thelathini na mbili. Kwa urefu huo mkono uliishia nyuzi hamsini na mbili. Nane zimepungua.

Ndani, pigo moja. Dhaifu.

Alikimbia hatua mia mbili mpaka karakana, mbali na baruti. Akakata chuma bapa cha arobaini, akatoboa tundu sentimita mbili kutoka kila ncha. Akarudi mbio, akatoa kipande cha zamani, akafunga kipya kwa boliti.

Akavuta wenzo.

Ka! Komeo likaachia.

Leonard alianguka nje kama gunia, midomo imepauka, akivuta hewa kwa sauti. Mama yake alimshika masikio yote mawili.

"Huyo mgeni alikuambia ni cha mashine. Hiyo mashine uliiona?"

"Sikuiona," Leonard alisema akikohoa.

"Mtu asiyekuonyesha mashine, wewe unamkatia chuma?"

"Nisamehe, mama."

"Na geti langu utalikata upya."

Hajira alitembea mpaka mbali ndipo akawasha simu.

"Hapa Nne. Alizeti imevunwa. Leteni watu wa baruti."

Akaenda kuchukua pikipiki yake.