Siku ya Tatu ya Mama Bénite

Katungu alimgombeza Lusenge kabla hata ya kumjua jina. Ilikuwa Jumamosi katikati ya Butembo, ndani ya kibanda cha fotokopi kilichojaa wanafunzi na vumbi la barabara. Mashine ilipotema karatasi ya Katungu, mwanaume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi aliichukua kwa makosa, akaisoma kwa sauti.

"Siku ya kwanza, Mama analala. Siku ya pili, Mama anaangalia mulima." Akacheka. "Kumbe kupumuzika nako kuko na programme?"

"Na kusoma karatasi ya batu kuko na dawa yake. Leta."

"Pole, chérie. Mama iko mugonjwa?"

"Miye hapana chérie yako. Iko na tension, damu inapanda. Docteur alisema apumuzike siku kumi. Amekubali tatu, na hizo tatu tumebishania wiki muzima."

Katungu alikuwa muuguzi, gauni lake la kitenge cha manjano limembana kiunoni, na hasira ilimpendeza. Lusenge, muuza vipuri vya pikipiki, aliliona hilo na akaogopa kulisema. Badala yake alisema rafiki yake ana nyumba tupu Mutwanga, chini ya Rwenzori, penye kijito cha maji baridi, mahali pazuri pa kumpumzisha mama.

Miezi miwili walipanga safari hiyo, na katika kuipanga wakapendana.

"Umekula, bébé?" Lusenge aliuliza kila mchana kwenye simu.

"Nimekula makelele ya bagonjwa. Weye?"

"Miye nakula sauti yako."

"Basi utakonda."

Masharti aliyaweka Katungu: hakuna jembe, hakuna jiko, hakuna wageni. Mama Bénite alikuwa akibeba kabeji za Alimbongo mgongoni hadi sokoni tangu alipofiwa na mume. Kwake mtu anayekaa mchana alikuwa mgonjwa au mvivu, na yeye hakukubali kuwa hata kimoja. Asubuhi ya safari Katungu alikuta jembe limefichwa ndani ya blanketi, akalirudisha ndani.

Njiani walisimama Beni kununua mafuta ya gari. Lusenge alisema anarudi sasa hivi, akakawia nusu saa, akarudi akitabasamu na mkungu wa ndizi.

Siku ya kwanza Mama Bénite aliweka miguu kijitoni. Jioni Katungu alimpima, na kwa mara ya kwanza mwaka huo tension ilikuwa imeshuka. Alimshika Lusenge mkono akasema, "Wasingya." Ahsante hiyo ya Kinande hakuitoa ovyo.

Siku ya pili, saa nne, pikapu ilisimama mlangoni. Akashuka Tante Vagheni wa Beni, shangazi yake Lusenge, na ndugu wanane waliovaa kama wanaenda misa, na kuku watatu wazima wanaopiga kelele. Walikuja kumwona Katungu, ambaye tayari walimwita bibi arusi.

Mama Bénite aliinuka. Mgeni hafiki kwa Munande akakuta moto umezimika. Akafunga kitenge, akachinja, akatwanga sombe ya majani ya muhogo, akasonga ugali wa watu kumi na mbili. Kila Katungu alipomnyang'anya mwiko, alijibu, "Acha, utaniaibisha." Saa nane mwiko ulimponyoka. Katungu alimpima tena, akaisoma ile namba mara mbili, akatoka nje akitafuta mtu wa kurarua.

"Ni weye ulibaita?"

"Sikubaita. Nilimusalimia tu. Ni tante yangu, Katungu. Ningepita Beni bila kumusalimia?"

"Na aliposema anakuja?"

Lusenge akatazama viatu vyake. "Mutu mukubwa hauwezi kumuambia 'usikuje'."

"Donc mama yangu ndiye anaweza kufa, juu ya haya yako?"

"Katungu, bébé..."

"Hapana niita bébé. Nilikuomba siku tatu. Siku tatu tu, Lusenge. Umekula moja na nusu na tante yako."

Alfajiri Katungu alimrudisha mama yake Butembo. Lusenge alipiga simu wiki nzima. Siku moja tu Katungu alipokea.

"Nisikilize, chérie."

"Mama analala saa tatu ya usiku, anaamuka saa kumi ya alfajiri, anaenda soko. Sitaki sauti yako, nataka siku yake."

Akakata. Alilia kwa hasira, kisha akalia kwa kumkosa, na kule kumkosa kukamwongezea hasira.

Jumamosi iliyofuata hodi iligongwa asubuhi. Lusenge alikuwa mlangoni bila lile shati jeupe, kabeba gunia la makaa. Nyuma yake Tante Vagheni, miguu katika ndala, kitenge cha kazi kifuani, sufuria kichwani.

"Mutoto huyu wa ndugu yangu alikuja Beni akanigombeza," alisema Tante Vagheni. "Miye, mukubwa wake. Nilimuuliza mbona hukusema mama iko mugonjwa, akasema alinionea haya. Nikamupiga kibao. Mama Bénite, siku yako ya tatu tuliiba. Tumeileta. Jiko liko wapi?"

"Mugeni hawezi kupika..." alianza Mama Bénite.

"Leo miye si mugeni. Ikala."

Mama Bénite akakaa kibarazani. Mara mbili aliinuka, mara mbili Tante Vagheni akamrudisha kitini. Hakujua aweke wapi mikono yake. Ndani, Lusenge alimenya viazi vibaya sana, nusu vikabaki kwenye maganda.

"Hivyo ndivyo ulivyofundishwa?" Katungu alimwuliza, kisu mkononi.

"Nifundishe."

"Siko mwalimu wako."

Kelele za sufuria zikakatika ghafla. Tante Vagheni alisimama mlangoni, kidole mdomoni. Kitini, jua la mchana usoni, Mama Bénite alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani.

Lusenge alipiga goti sakafuni, katikati ya maganda.

"Katungu, nataka..."

"Nyamaza," alimnong'oneza kwa ukali. "Atashtuka."

"Nataka tu kukuuliza kama..."

"Najua unachouliza. Ndiyo. Na bado niko na hasira na weye. Menya viazi."