Fyuzi ya Anaclet

Feni ya seva ilikuwa inazunguka, na umeme wake ulikuwa umekatwa.

Ghislaine aligusa mfuko wa suruali. Fyuzi ilikuwa humo. Karakana yao ya kompyuta mtaani Muhumba ilikuwa na sheria moja, na aliyeiweka ni marehemu Anaclet, fundi mwenzake: mwenye mikono ndani ya mashine ndiye mwenye fyuzi mfukoni. Seva hii haikuwa na plagi ya kuchomoa, iliungwa moja kwa moja na kabati la umeme ukutani. Bila fyuzi ile kuwekwa kabatini, seva ilikuwa chuma tu.

“Dada Ghislaine, juu ya nini iko inazunguka?” aliuliza Blanchard, mdogo wake Anaclet, aliyekuwa akimshikia tochi.

“Ni courant yenye ilibakia. Finya bouton, itaisha.”

Blanchard akabonyeza. Feni ikazidi mbio.

Wiki tatu zilizopita Anaclet aliungua mikono hadi mabegani ndani ya seva hiyo hiyo, akafa. Watu walisema alisahau kutoa fyuzi na umeme ukarudi wenyewe. Ghislaine alilia msibani kuliko mjane, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa kuwa ni yeye aliyeitoa fyuzi kwenye koti la Anaclet lililokuwa kitini na kuirudisha ukutani, akidhani mwenzake amemaliza, ili achapishe karatasi moja tu kwa printa iliyotumia fyuzi hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo kilikuwa cha mwingine, basi akanyamaza. Blanchard angejua, huenda asingemwacha hai.

Sasa mteja alitaka ubao mama ulioungua ung'olewe, uwekwe mpya. Ghislaine alivaa bangili ya Anaclet, ya nyaya za shaba alizozisuka mwenyewe, akabana ncha yake kwenye kasha la chuma la seva ili umeme wa mwilini usiharibu vipuri. Akatoa vibao vya kumbukumbu, akafungua parafujo tisa, akaingiza vidole chini ya ubao aunyanyue.

Harufu ya kucha zilizoungua ikapanda.

“Unasikia?” alinong'ona Blanchard.

Ubao haukunyanyuka. Ulivivuta vidole vyake, ukavibana, na vijisindano vidogo vya chini yake vikamwingia nyamani kimoja kimoja, hadi kwenye mfupa, na alipojaribu kujinasua kucha mbili zikabaki humo, damu ikatiririka juu ya shaba, na bangili ikaanza kujikaza mkononi, ikakata ngozi, ikazama, huku feni ikivuma na ndani ya uvumi huo sauti aliyoizoea miaka sita ikimwuliza polepole, bila hasira:

“Nani alitosha fusible mu koti yangu?”

Kidole cha shahada kikavunjika. Akausikia mvunjiko kabla ya maumivu.

“Nani, Ghislaine?”

Kingine kikavunjika.

“Ni mimi,” alisema, akilia. “Ni mimi nilitosha, nikarudisha. Nilizani umemaliza. Anaclet, unisamehe.”

Feni ikasimama. Ubao ukamwachia vidole, na Ghislaine akavuta pumzi, akamshukuru Mungu, akadhani yamekwisha. Akajaribu kufungua bangili. Ilikuwa imezama nyamani, na ncha yake ya pili ilikuwa imeshikana na kasha, haikubanduka. Mkono ulio huru ukakimbilia mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu.

Blanchard alikuwa amesimama karibu na kabati la umeme. Tochi ilikuwa chini. Fyuzi ilikuwa kiganjani mwake.

“Imekuya yenyewe mu mukono yangu,” alisema. “Dada, tulikula kwako siku ya kilio. Maman alikuombea.”

“Mudogo yangu, nifungule kwanza. Tutaongea.”

Blanchard aliifumbata fyuzi. Alikuwa analia. Ghislaine aliiona mikono miwili myeusi, imeungua hadi mabegani, ikitokea ukutani na kutua taratibu juu ya mabega ya kijana, kama kaka anayempeleka mdogo wake shuleni siku ya kwanza.

Blanchard akageuka, akafungua kabati.