Siku Rwegasira Alipozima Umeme

Katika nyumba ya Rwegasira, pale Igogo, watu watatu walikunywa chai pamoja kila asubuhi, kila mmoja peke yake.

Rwegasira, baba wa nyumba, alikunywa chai na mpira. Mechi ilikuwa ya jana na matokeo aliyajua, lakini aliitazama tena kwenye simu, pengine kipa angebadilisha mawazo. Mkewe Jovina, muuza sato wa kukaanga, alikunywa chai na kamati ya harusi iliyokuwa ikigombana ndani ya simu yake. Mtoto wao Projest, mwenye miaka sita, hakunywa chai. Alinyweshwa. Macho yake yalikuwa kwenye katuni, ndani ya simu ya pili ya baba. Mdomo ulikuwa wazi kama wa kinda la ndege, na mama alitumbukiza kipande cha chapati kila alipopata nafasi.

"Bila katuni hali huyu," Jovina aliwaambia majirani, kwa sauti ya mtu anayeeleza tabia ya mvua.

Jioni Projest akinyang'anywa simu, alilia mpaka mbuzi wa mtaa, waliokuwa juu ya mawe, waliacha kutafuna ili wasikie vizuri. Akirudishiwa, alinyamaza. Alichelewa kulala, na darasani alisinzia. Nyumba iliishi hivyo kwa amani mpaka Bibi alipopiga simu.

Bibi, mama yake Rwegasira, aliishi Muleba, ng'ambo ya ziwa. Hakuwa mtu wa kusalimia kwa haraka. Alianza na afya, akaenda kwenye usingizi, akapita kwenye migomba, kisha akauliza habari za ng'ombe, hata kwa watu wasio na ng'ombe. Siku hiyo Rwegasira alimpa Projest simu amsalimie.

Projest aliisikiliza ile sauti. Akakitazama kioo. Hakikuwa na picha inayocheza.

"Baba, hili tangazo linaisha lini?"

"Si tangazo! Ni Bibi yako! Msalimie!"

Bibi alikuwa amefika kwenye migomba. Projest alitafuta kwa kidole mahali pa kuruka tangazo. Akaona alama nyekundu. Akaibonyeza.

"Nimeliruka," alisema kwa fahari.

Simu ililia tena. Safari hii Bibi hakusalimia kabisa, na hapo Rwegasira alijua kwamba mambo yameharibika.

"Rwegasira. Mjukuu wangu amenikata?"

"Mama, ni mtandao tu, huku kwetu..."

"Mtandao ndio ulioniita tangazo? Jumamosi ya wiki ijayo nashuka melini huko kwenu. Nikimkuta mtoto hajui kusalimia mtu, narudi naye Muleba. Atalelewa na migomba. Migomba ina adabu."

Haya hayakuwa maneno ya kutisha watoto. Nestory, kaka yake Rwegasira, aliwahi kuambiwa hivyo hivyo, akacheka. Leo wanawe wawili wanasoma Muleba, na baba yao huwaona Krismasi.

Rwegasira alimtazama mwanawe. Projest alikuwa amejikunja kwenye kochi, kichwa kimelala juu ya paja la baba, kidole kikiendelea kukuna kioo. Rwegasira aliwaza nyumba bila kichwa kile. Akaamua kuchukua hatua za kiume, yaani hatua zisizofikiriwa.

Alisubiri mpaka Jovina aliposafiri kwenda Bujora kwenye msiba wa shangazi, kulala siku moja. Jua lilipoanza kushuka, akaenda ukutani, akazima swichi kubwa. Televisheni ikafa. Taa zikafa. Simu mbili akaziweka mfukoni.

"Luku imeisha," alitangaza.

"Si uliweka jana, baba? Nilikuona."

"Imeisha mapema. Maisha yamepanda."

Projest alilia. Kisha akanyamaza, na ukimya ule ukampendeza sana baba yake. Alipokwenda kuufurahia kwa karibu, mtoto hakuwepo. Alikuwa kwa mzee Shigela, nyumba ya tatu, amebandika pua dirishani, akiangalia katuni za watu.

Rwegasira alimrudisha akamlaza. Kesho yake mchana, sebule bila televisheni ilimchosha na yeye. Akamkabidhi mtoto kwa jirani, akaenda banda umiza kutazama mpira, kupumzika na kazi nzito ya malezi. Swichi aliiacha vilevile. Kuna kitu alikuwa amekisahau, nacho kilikuwa jikoni, cheupe, kirefu kama yeye.

Jovina alirudi alasiri, akawakuta Rwegasira na mtoto ndiyo kwanza wanaingia. Alipofungua friza, alifunga macho kwanza, kisha pua, kisha akafungua mdomo.

"Rwegasiraaa!"

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, huoza wote. Rwegasira hakuwa na ubaguzi: aliwaozesha sato wote kwa mara moja.

Harufu ilimleta Mwalimu Hellen, jirani yao, aliyefundisha darasa la awali alikosoma Projest. Aliingia ameziba pua kwa kitenge.

"Mama Projest, mna msiba?"

"Ninao. Marehemu ni hawa ndani ya friza, na muuaji ni yule pale."

Rwegasira alisimama mlangoni kama mshtakiwa. "Nilikuwa napigana na katuni," alijitetea. "Mama anakuja kumchukua mtoto."

Jovina hakuwa amesikia habari ile. Alikaa chini, akaacha kupiga kelele, na hapo ndipo Rwegasira alipoogopa kweli. Ikabidi aeleze yote, tangazo likiwemo. Mwalimu Hellen aligeuza uso akacheka ukutani, kisha akarudisha uso wa kazi.

"Baba Projest, katuni zenyewe ziliteseka?"

"Hapana. Alienda kuziangalia kwa Shigela."

"Na leo wewe ulikuwa wapi?"

Rwegasira alikohoa. "Banda umiza."

"Basi waliozimiwa umeme ni samaki peke yao," alisema Mwalimu Hellen. "Sikilizeni. Simu si mchawi. Inafundisha, inachekesha, inatuunganisha na wakwe. Ubaya ni ikiwa mlezi, ikiwa kijiko, ikiwa mto wa kulalia. Darasani nilimpa Projest kitabu, akakikuna kwa kidole ili picha icheze. Haikucheza, akanirudishia akasema kimeharibika."

"Mungu wangu," alisema Jovina.

"Mtoto anayekula huku anatazama hajui kama ameshiba. Anayetazama mpaka kitandani, usingizi wake unakuwa mbovu, ndiyo maana kwangu anasinzia. Macho yanachoka, mwili haukimbii, na maneno hayakui. Mtoto hujifunza kuongea kwa kujibiwa. Katuni inaongea, lakini haijibu."

"Sasa si ndiyo nikazima?" Rwegasira aliuliza.

"Ulizima bila kumwambia, ukamdanganya, halafu hukumpa kitu kingine. Mtoto ukimnyang'anya kitu, mpe kitu. Na ukizuia leo ukaachia kesho kwa sababu amelia, umemfundisha kulia. Kaeni naye, mpange pamoja. Mtoto wa umri wake, saa moja kwa siku ya kutazama inatosha, baada ya kucheza na kazi za shule. Mchague mnachoangalia, na mmoja wenu akae naye, amuulize: huyu kafanya nini, kwa nini? Kabla ya kuzima, mwonye: bado kidogo. Wakati wa kula hakuna simu. Wakati wa kulala hakuna simu, na isilale chumbani kwake."

"Tumemsikia mwalimu," Rwegasira alimwambia Projest kwa ukali.

"Sijamaliza," alisema Mwalimu Hellen. "Na ninyi vilevile. Mtoto haigi maneno ya baba, anaiga baba."

Uso wa Rwegasira ulipata huzuni ambayo hata sato hawakuipata.

Jioni ile walikaa chini watatu. Projest aliulizwa anataka nini badala ya katuni za mchana. Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa hiyo alifikiri sana. Akataka kutengeneza tiara na kupanda mawe na wenzake. Akataka pia amsaidie mama kuparua magamba. Jovina akatundika kikapu kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni. Wakati wa kula na kulala, simu zote zingeingia humo. Atakayevunja sheria ataosha vyombo.

"Hata baba?" Projest aliuliza.

"Hata baba," alisema Jovina, haraka kidogo.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Projest alilia, akagoma kula. Jovina alitaka kulegea, mkono wake ukaenda kikapuni wenyewe. Akaurudisha. Njaa ikafanya kazi yake: mtoto alichukua kijiko, akala, akauliza, "Mama, hii ndiyo ladha ya maharage?"

Mvunja sheria wa kwanza hakuwa yeye. Wakati wa chakula Rwegasira aliaga kwenda chooni. Alikaa. Wali ukapoa. Mara chooni pakasikika sauti: "Gooo..." ikakatika, kama ya mtu aliyejiziba mdomo.

Projest alikwenda akagonga mlango. "Baba, unaumwa?"

"Tumbo, mwanangu."

"Tumbo limefunga goli?"

Siku ile mtaa mzima wa Igogo ulimwona Rwegasira, karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Nyakato, mtu mwenye miwani, akiosha masufuria nje. Mwanawe alisimama kando akimwonyesha palipobaki masizi. Tangu hapo mtoto hakuilalamikia sheria tena. Sheria inayomfikia baba, aliona, ni sheria nzuri.

Jumamosi ikafika. Rwegasira alikwenda bandarini kumpokea mama yake. Nyumbani, Jovina alikuwa tayari ameweka nguo za Projest kwenye mfuko. Mkwe wake hakuwa mtu wa kusubirishwa.

Bibi aliingia na ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa matundu. Ndani kulikuwa na senene hai, wale panzi wa kuliwa, kwa kuwa msimu wao ulikuwa umefika. Projest alitoka mbio, akapiga magoti, akamshika Bibi mikono yote miwili.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri Bibi. Habari za Muleba?"

Bibi alimkazia macho. Salamu moja, alijua, mtoto anaweza kufundishwa kwa usiku mmoja.

Ndizi zikaletwa mezani. Wakanawa, wakasali. Na hapo Bibi akaingiza mkono kifuani, akatoa simu kubwa, mpya, inayong'aa, zawadi ya Nestory. Akaiegemeza kwenye bakuli la mchuzi. Kwaya ikaanza kuimba.

Rwegasira alimtazama Jovina. Jovina alitazama ndizi. Hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kumwambia Bibi acha.

"Bibi, samahani," alisema Projest. "Wakati wa kula simu inakaa kwenye kikapu."

Kwaya ilikuwa kwenye kiitikio. Rwegasira aliona mwanawe akipanda meli, yeye akibaki akipunga mkono.

"Nani kasema?" Bibi aliuliza.

"Sisi wote. Tulikaa tukakubaliana. Ukimaliza kula utaangalia, nami nitakaa na wewe nikuulize maswali. Lakini ukikataa utaosha vyombo. Baba alikataa akaosha."

Bibi aligeuka polepole. "Rwegasira, uliosha vyombo?"

"Niliosha, Mama."

"Masufuria pia?"

"Pia."

Bibi alianza kucheka mabegani, kicheko kikashuka tumboni, kikamtoa machozi. Alizima kwaya. Akamkabidhi Projest simu, naye akaipeleka kikapuni kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka sadaka.

Baada ya kula walikaa mkekani kunyonyoa senene mbawa na miguu. Kazi hiyo hutaka mikono yote, na mikono hujaa mafuta. Kikapuni simu zililia, zikachoka, zikanyamaza. Projest aliuliza senene wanatoka wapi, wanalala saa ngapi, na kama wana bibi. Bibi alijibu yote, na yasiyojibika aliyatungia.

Jovina hakuweza kuvumilia zaidi. "Mama, meli ni kesho. Nguo zake nimeshaziweka kwenye mfuko."

"Zitoe," alisema Bibi bila kuinua kichwa. "Mtoto anayeweza kumkatalia mtu mzima kwa adabu, nimpeleke Muleba akafundishwe na nani? Nitafutieni kikapu tu niondoke nacho. Tangu nipate hiyo simu, wale wajukuu wangu wawili wananiita kula mara tatu ndipo nasikia."

Rwegasira alishusha pumzi ndefu, ndefu mno, maana senene wake watatu walitumia nafasi hiyo wakaruka.

"Baba!" Projest alipiga kelele, akawarukia kwa magoti chini ya meza, na Bibi, mzee wa watu, akamfuata.