Rudia, Usitupe Mikono

Korido nzima ilikuwa askari watupu. Mashati ya buluu, masharubu yamechanwa, vifua mbele, na kila mwanamume ana karatasi mkononi ananong'ona maneno yale yale: "Weka silaha chini, dada. Taratibu." Ungepita katikati yao ungedhani ni darasa la watoto wanaokariri. Burbank, jirani na Los Angeles, mwezi wa Septemba, joto la kukausha mate, na mashine ya kupozea hewa imekufa tangu asubuhi.

Anahit Sarkisyan alitoka chumbani kuita jina linalofuata. Alivaa gauni la manjano lililoinuliwa mabega kwa sponji, maana ndiyo miaka ile ya themanini, na hereni kubwa kama bangili. Kazi yake pale ilikuwa kusoma. Muigizaji akija kwenye usaili, Anahit ndiye anayemjibu maneno ya upande wa pili. Leo mke, kesho jambazi, keshokutwa mama mkwe. Hakuna aliyemtazama. Anayetazamwa ni yule mwingine.

"Dell Hobart!"

Akainuka mtu mrefu mwenye suti ya kahawia, tai na mkoba wa ngozi. Askari wote wakageuza shingo.

"Wewe umekuja kumtetea nani?" Anahit akamuuliza.

"Wakala wangu aliniambia ni mwanasheria."

"Huyo wakala anakupenda kweli?"

"Mpaka leo asubuhi nilidhani ananipenda." Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. "Hakuna mlango wa nyuma? Aibu hii ya kupita tena mbele ya hawa ndugu zangu siiwezi."

Anahit alicheka, na alikuwa hajacheka kazini tangu mwaka uanze. "Ingia hivyo hivyo, wakili. Ila mikono usiitupe. Watu wa Nebraska mnaongea kama mnafukuza kunguru shambani."

"Umejuaje kama natoka Nebraska?"

"Imeandikwa nyuma ya picha yako, baba."

Uaskari hakuupata. Alipata namba ya simu, na jioni ile walikwenda kula baga wameegemea gari lake bovu, haradali imemdondokea kwenye tai, na Anahit akaifuta kwa kidole bila kufikiri. Hapo ndipo palipoanzia yote. Usiniulize kwa nini huyu na si mmoja wa wale wanaume arobaini waliovaa inavyotakiwa.

Mama yake Anahit, Bi. Sirvard, aliwakaribisha nyumbani kwake Glendale siku ya Jumapili, akamlisha Dell majani ya mzabibu yaliyofungwa nyama na wali mpaka akaanza kuhema. Kisha akamvuta binti yake jikoni.

"Muigizaji?"

"Ndiyo, mama."

"Hata kinyozi ana kiti chake, mwanangu. Huyu ana nini?"

"Ana sauti."

"Sauti haipikwi," alisema Bi. Sirvard, lakini alimfungashia Dell chakula cha siku mbili.

Sauti alikuwa nayo kweli. Alichokosa ni ukweli. Akisoma mbele ya watu alionekana anasoma. Anahit ndiye aliyemnyoosha, na alimnyoosha kwa sheria moja: usiniambie unaanza. "Ukiniambia 'haya naanza', nitakuona unaanza, na wao watakuona," alisema. "Nianzie popote. Nikijua ni maigizo, umeshindwa."

Basi Dell akawa anamwanzia popote. Anahit anakata vitunguu, mtu anasema nyuma yake: "Daktari amesema imebaki miezi." Wako foleni ya posta: "Mtoto si wangu, najua." Bibi mmoja pale posta aliwahi kumpiga Dell kwa mwavuli. Anahit alikuwa anajibu papo hapo, upande wa pili, halafu anampa alama.

"Vipi, bosi wangu?"

"Umekimbiza mwisho. Rudia."

"Nakupenda, bosi."

"Hilo umelisema vizuri. Hapo usirudie."

Walicheka hivyo karibu miaka miwili. Dell akaanza kupata vitu: mlinzi wa benki, mume anayeuawa kabla ya tangazo la kwanza. Majira ya kuchipua yakaja na habari kubwa. Huko Vankuva kulikuwa na tamthilia inatafuta daktari wa mashambani, na Dell alikuwa miongoni mwa watatu waliobaki. Wiki hiyo hiyo alikuwa na usaili mwingine pia, wa mchumba katika tamthilia ya mchana, kwa hiyo kila kona ya nyumba alikuwa anamposa Anahit. Bafuni kaposa. Kwenye ngazi kaposa. Kaposa na mswaki mdomoni.

Jumamosi wakaenda kufua nguo kwenye mashine za mtaani, Barabara ya Sunset. Anahit alikuwa anakunja shuka, mashine zinanguruma, harufu ya sabuni imejaa. Dell alisimama mbele yake na soksi moja mkononi.

"Anahit. Nimechoka kusema maneno ya watu wengine. Haya ni yangu mwenyewe. Nataka tuoane."

Anahit alimtazama, kichwa upande, kama anavyotazama kila siku. "Mwanzo mzuri. Ila hapo kwenye 'nimechoka' umewahi mno. Rudia, usitupe mikono."

Dell akaitazama ile soksi. Halafu akaweka mikono mfukoni, akarudia neno kwa neno, polepole, na sauti ikamtetemeka mwishoni.

"Umeona?" Anahit akasema, akampiga begani kwa shuka. "Ilikuwa nzuri sana. Wakikunyima hiyo, wana wazimu."

"Asante," alisema Dell.

Sasa sikiliza, uelewe kwa nini mtu mzima na akili zake hakusema "mimi sitanii". Katika kazi ile hakuna anayekuambia hapana. Ukikataliwa unaambiwa, "Asante sana, ilikuwa nzuri," unafunguliwa mlango kwa tabasamu, na simu haipigwi. Dell alikuwa ameambiwa ilikuwa nzuri mara nyingi kuliko alizokula. Akajua amekataliwa, tena kiungwana, na mwanamke aliyezoea kuona watu wakikataliwa. Akaona aibu kumlazimisha alitamke.

Jumatatu akapewa udaktari. Alhamisi akapanda ndege.

"Utanipigia?"

"Nitapiga, bosi."

Alipiga, mara nyingi mwanzoni, kisha siku za sikukuu tu, kisha kimya. Anahit alidhani ni umaarufu. Dell Hobart alikuwa ameenea sasa. Picha yake ilipita kwenye mabasi ya Los Angeles, koti jeupe, macho ya huruma, akina mama wanamwandikia wamueleze magonjwa yao. Kila Jumanne Anahit aliketi mbele ya televisheni na Bi. Sirvard, na kila Jumanne alikuwa anangoja kitu kimoja. Aliyangoja yale maneno ya kwenye mashine za kufulia. Kwenye ile tamthilia ya mchana hayakuwamo, alikuwa amehakikisha. Basi yatakuwa ya daktari, alijiambia. Daktari alimposa muuguzi msimu wa pili, kwa maneno mengine. Akamposa mwalimu msimu wa nne, tena kwa maneno mengine, mabaya.

Simu ililia Jumapili moja ya mvua.

"Wakili!" Anahit alipiga kelele. "Umekumbuka maskini?"

"Anahit, nataka usikie kwangu kabla ya magazeti. Namwoa Corinne. Jumamosi hii."

Corinne ndiye aliyekuwa anaigiza yule mwalimu. Anahit alishika ukingo wa meza. "Hongera," alisema, na akaisema vizuri, hukuti pa kutia kasoro. Kisha akatania. "Lakini kuna kitu nakudai. Ile ya kwenye mashine za kufulia, 'nimechoka kusema maneno ya watu wengine', ilikuwa ya wapi? Nimetazama kila wiki nikiingoja. Walikupa?"

Mvua ilikuwa inapiga dirisha la jikoni.

"Dell? Upo?"

"Hukujua," alisema Dell. Sauti haikuwa ya daktari wala ya mtu yeyote aliyewahi kumsikia. "Anahit, hukujua?"

"Sikujua nini?"

Akavuta pumzi. Mtu alikuwa anamwita nyuma yake, sauti ya kike, yenye furaha. "Basi," alisema. "Hawakunipa."

Simu ikakatika. Anahit alibaki amesimama na mkono wa simu kifuani, na taratibu, kama maji yanayopanda ndani ya nyumba, akaelewa.

"Nani kafa?" aliuliza Bi. Sirvard kutoka sebuleni.

"Hakuna, mama."

Hakupiga. Utampigia bwana harusi umwambie nini? Akalia wiki nzima kwa uchungu wa mtu aliyejichoma mwenyewe, kisha akarudi kazini, akasoma upande wa pili wa maneno ya mapenzi kwa vijana waliokuwa wanatupa mikono, na hakumwambia hata mmoja arudie.

Tamthilia ilikwisha, kama vyote. Corinne aliondoka na nyumba ya Vankuva. Dell akarudi Los Angeles, akaigiza majaji, maaskofu, mababu. Akatangaza gundi ya meno bandia. Waliwahi kuonana mara moja kwa mbali kwenye mazishi ya mwongozaji mmoja, wakapungiana. Anahit alikuwa ameolewa na kuachika katikati ya hayo, na bwana wa watu hakuwa na kosa. Alichoka tu kuishi na mtu anayetazama televisheni kana kwamba inamdai.

Nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe alipopigiwa na Rhoda Pruitt, mwongozaji, mwanamke mwenye sauti ya haraka.

"Bi. Anahit, nina babu hapa anasahau. Kichwa kinamtoka. Tumemwekea kidude sikioni, mtu anamsomea maneno, yeye anayasema. Lakini kila msomaji tukimleta, babu anamkataa. Wanasema wewe..."

"Jina lake nani?"

Alilijua kabla hajaambiwa.

Alimkuta ameketi kwenye jukwaa lililojengwa kama sebule ya mashambani, sweta ya kijivu, blanketi magotini, theluji ya karatasi inaanguka nje ya dirisha la uongo. Bado mrefu. Bado yale macho.

"Hujambo, wakili."

"Sijambo, mama. Tunajuana?"

"Kidogo."

"Wewe ni mke wangu?"

"Hapana, Dell jan," alisema, yaani Dell mpenzi, kwa lugha ya kwao.

"Basi nilikuwa mjinga," alisema, na kutabasamu lile tabasamu la kwenye mabasi.

"Tulikuwa wawili."

Sauti ya Anahit, Dell hakuikataa. Anahit aliketi gizani nyuma ya mitambo, kipaza sauti mdomoni, kidole kwenye kitufe, na kila alichonong'ona Dell alikisema hapo hapo, kizima, kwa moyo wote, bila kujua maana yake. Siku ya kwanza Anahit alisahau kuachia kitufe akamwambia mtu wa chai, "Sukari mbili, tafadhali," na kwenye jukwaa Dell akamshika mkono kijana anayeigiza mwanawe, akamwambia kwa uchungu, "Sukari mbili, tafadhali." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Dell naye akacheka, kwa adabu, kama mgeni asiyejua lugha.

Wakati wa chakula Anahit alikuwa anaketi naye, anampakulia supu, anajaribu kumkumbusha.

"Unakumbuka mashine za kufulia, Barabara ya Sunset? Ulikuwa na soksi mkononi."

"Ya nani?"

"Yako, mpenzi."

"Na nyingine ilikuwa wapi?" aliuliza Dell, na hilo likamsumbua mchana kutwa.

Siku ya mwisho ilibaki picha moja. Babu anaketi kwenye kiti chake, mwana anaingia kutoka kwenye theluji, babu anamwambia, "Funga mlango, mwanangu. Baridi inaingia." Basi. Rhoda akapiga kelele ya kuanza. Mwana akaingia. Anahit akabonyeza kitufe, lakini kabla hajafungua mdomo, Dell aligeuza kichwa. Hakumtazama kijana. Alitazama kwenye giza, moja kwa moja pale alipoketi yeye, na mikono yake ilikuwa imetulia magotini.

"Anahit," alisema. "Nimechoka kusema maneno ya watu wengine. Haya ni yangu mwenyewe. Nataka tuoane."

Watu wa jukwaani wakatazamana. Walidhani amepotea. Anahit hakudhani chochote. Miaka yote ile alikuwa na jibu moja, na kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Ndiyo," alinong'ona, machozi yanaingia mdomoni. "Ndiyo, Dell jan. Nimekubali."

Macho ya Dell yakatulia, kama siku zote sauti ilipomfikia sikioni. Akaacha kutazama gizani. Akamgeukia yule kijana mlangoni, na kwa sauti ile nzuri iliyowaliza akina mama wa nchi nzima, akasema:

"Ndiyo. Ndiyo, Dell jan. Nimekubali."

"Kata!" alisema Rhoda. "Nani kamsomea hayo? Bi. Anahit, uko hapo? Mpe maneno yake, tafadhali, muda unatupita."

Mwana akarudi nje, theluji ikamwagwa upya mabegani. Anahit akajifuta kwa kiganja, akakohoa mbali na kipaza sauti, akabonyeza.

"Funga mlango, mwanangu," alisema. "Baridi inaingia."

"Funga mlango, mwanangu," alisema Dell. "Baridi inaingia." Akaisema vizuri mno, hata mafundi wa taa wakapiga makofi.