Chuma cha Ndani ya Pakiti

Kisomalishe, mashine ya kupima lishe, kiliisoma pakiti bila kuifungua. Mwale wa buluu uliingia upande mmoja wa karatasi ya kung'aa, ukapita kwenye wali, karoti, njegere na mchicha, ukatokea upande wa pili. Kabla mtu hajapepesa jicho, sauti laini ya kike ikatangaza: "Wali na mboga. Nishati, kilokalori mia tano na ishirini. Protini, gramu kumi na mbili. Madini ya chuma, miligramu kumi na nane. Mlo umekamilika."

Pakiti elfu sita kwa saa, na Jiji zima la Tambarare likala kwa kuiamini sauti hiyo. Jiji lilijengwa kwenye nyanda kavu ambako hata mbigili huota kwa taabu, kwa hiyo hakukuwa na shamba wala jiko la mtu binafsi. Mboga zilikua ndani ya makabati ya maji na taa, roboti wakazichuma na kuzipika, na Idara ya Mlo ikamgawia kila raia pakiti mbili kwa siku. Mwenye kutaka cha zaidi, alambe ukuta.

Pembeni ya mashine hiyo alisimama Masima Chilongola na kitambaa chake. Mvuke wa wali uliziba kioo cha kisomalishe kila baada ya muda, na roboti wote waliojaribu kukifuta walikikwaruza. Kwa hiyo wakubwa, pamoja na elimu yao yote, walihitaji mkono wa mtu aliyeishia darasa la nne. Wahandisi walimwita Mzee Kitambaa. Hakuna aliyemuuliza habari za nyumbani.

Nyumbani hakukuwa na habari. Mkewe, Nyemo, alikuwa amekufa miezi mitano iliyopita. Uvimbe wa kizazi ulimvujisha damu kila mwezi, akawa anatafuna barafu mchana kutwa, akipanda ngazi anakaa katikati kama mzigo uliosahauliwa. Masima alikwenda zahanati kumwombea sindano ya madini ya chuma, ya kuongeza damu. Karani hakumtazama, alitazama kioo cha kompyuta yake.

"Pakiti mbili kwa siku, mzee. Miligramu thelathini na sita. Mkeo anapata chuma cha kumtosha fahali. Labda hali chakula."

"Anakula. Namlisha kwa mkono wangu."

"Basi anatema ukigeuka."

Alipokufa, wakaleta cheti. Masima alikisoma kwa kidole, neno moja moja: *Chanzo cha kifo: kukaidi mlo.* Nyemo huyo huyo aliyekuwa akifuta sahani kwa ukucha! Yaani wamuue, kisha wamsingizie marehemu. Aliapa kwamba maneno hayo yatafutwa, na aliyeyaandika atayajutia.

Siku moja pakiti ilipasuka kwenye mkanda. Kifuko kidogo cheupe kikadondoka sakafuni, kile cha unga mweusi kinachonyonya hewa ili wali usichache. Kila nyumba ilikifahamu, maana kiliandikwa USILE, na kila nyumba ilikitupa. Masima alikizoa, akaibana pakiti kwa vidole na kuirudisha mbele ya mwale kama sheria ilivyotaka.

"Madini ya chuma, miligramu mbili," sauti ikasema. "Mlo haujakamilika."

Akadhani kioo ni kichafu. Akakifuta. Mbili tena. Akatazama kizoleo. Akakiokota kifuko, akakilaza kwenye mkanda peke yake.

"Madini ya chuma, miligramu kumi na sita."

Unga ule mweusi ulikuwa chuma. Mashine iliyosifiwa kuona kila kitu ilikuwa inahesabu takataka kama chakula, na Nyemo alikuwa akila mbili na kutupa kumi na sita, kwa utii kabisa.

Alimfuata mhandisi wa zamu, Faraji Mkombe, akamwonyesha. Faraji aliangaza macho huku na huku kabla ya kujibu.

"Mzee Kitambaa, tulia. Tunalijua tangu mwaka wa pili wa mashine hii. Ukitia chuma halisi, wali unakuwa mweusi na unanuka, watu wanagoma kula. Mkurugenzi akasema tuache, takwimu zimekaa sawa."

"Mkurugenzi alijua?"

"Alitia sahihi. Na hujasikia kwangu."

Masima alirudi kwenye kioo chake, akafuta, akasubiri Siku ya Kuonja.

Hiyo ilikuwa desturi ya Tambarare tangu shehena ya kwanza ya chakula kuoza na kuua watu. Kila miezi mitatu, anayetia sahihi ya mlo husimama uwanjani, pakiti husomwa mbele ya watu, naye hula tonge la kwanza. Raia akithibitisha kwamba mlo ni wa uongo, mtia sahihi ataula huo huo, bila kingine, kwa muda ule ule alioula aliyedhurika. Na ni mlalamikaji peke yake awezaye kumsamehe. Waasisi waliiandika kwa hasira, warithi wao wakaigeuza tamasha la ngoma na hotuba.

Mkurugenzi wa Idara ya Mlo, Daktari Aurelia Kandonga, mwanamke anayekaribia umri wa makamo, aliyevaa kitenge cha bei, alikuwa ameshainua tonge Masima alipopanda jukwaani.

"Mheshimiwa, usimeze kwanza."

"Nani huyu?"

"Nafuta kioo chako."

Watu wakacheka. Masima akachukua pakiti, akaipitisha kwenye mwale. Kumi na nane. Akaifungua, akatoa kifuko, akaipitisha tena. Mbili. Kicheko kikakatika kama kilichozibwa mdomo.

"Mtambo umepata hitilafu," Aurelia akasema.

"Umeharibika?" Masima akamwekea kifuko mkononi. "Haujaharibika, umekihesabu hiki kifuko. Basi ni chakula, kama ulivyotuandikia. Kila mmoja hapa ameandikiwa kwamba anakila. Nawe kile, mama."

"Kimeandikwa usile!" mwanamke mmoja akapaza sauti uwanjani. "Mnatuhesabia tusichokula?"

"Mkile nyinyi!" mwingine akadakia.

Aurelia alikitazama kifuko, lakini hakukila. Uwanja mzima ulimwona hakili.

Baraza lilikaa siku mbili, likaamua Aurelia aule mlo wake wa uongo, kama sheria ya waasisi ilivyotaka. Maneno *kukaidi mlo* yakafutwa kwenye cheti cha Nyemo na kwenye vyeti vingine mia tatu na kumi. Zahanati ikaanza kutoa sindano. Pakiti mpya zikatoka, wali ukiwa wa kijivu, watu wakala na kununa. Zile za zamani zilipangwa kuchomwa. Masima akaomba zibakizwe mia tano na arobaini: mbili kwa siku, miezi tisa, kama alivyokula Nyemo tangu zahanati ilipomkatalia hadi siku ya mwisho.

Akawa anazipeleka mwenyewe nyumbani kwa Aurelia. Hodi, anafungua pakiti, anatoa kifuko, anaondoka nacho.

Wiki ya ishirini na sita mlango ulifunguliwa na mume wa Aurelia, Benigno, mwalimu mpole mwenye kijiko mkononi. Nyuma yake mkewe alikuwa amelala kwenye kochi. Benigno akamvuta Masima ndani, akamteremsha mkewe kope ya chini kwa kidole gumba. Ndani ya kope palikuwa peupe kama karatasi.

"Naye damu inamtoka kila mwezi," akasema. "Namlisha mwenyewe, kaka. Zahanati wamekataa kumpa sindano, wanasema mpaka wewe useme neno. Wewe uliyapitia haya. Unajua mtu anavyokaa hapa akimwangalia mke wake anaisha."

Masima akamtazama mwanamume yule, macho yake mekundu, shati lake lenye punje za wali begani. Kwa muda ilikuwa kama anajitazama.

"Najua," akasema.

Akafungua pakiti, akatoa kifuko, akakitia mfukoni. "Ndiyo maana naleta mwenyewe. Bado wiki kumi na tatu. Mlishe polepole, kaka, usipapalike, atapaliwa."